Mama Maji Moto

Siku hizi hakuna anayebisha mlango wa nyuma. Hoteli za Kitengela zimekuwa nyingi, zimepanda ghorofa, zimewekewa vioo na majina yanayowaka taa, na wote wanaoingia hupitia mbele: wateja, wakaguzi, wauza kalenda. Nyuma, penye moshi na maganda ya viazi na sufuria zilizoegemezwa ukutani zikauke, mlango huwa wazi tangu asubuhi na hapiti mgeni. Wapishi wa zamani, wale wachache waliobaki, wanasema inapofika saa nne hivi, chai ya asubuhi ikiwa imeisha na nyama ya mchana haijaiva, jiko hunyamaza lenyewe. Mtu anaacha kukata kitunguu. Anasikiliza. Kisha anaendelea kukata.

Aliyekuwa akibisha saa hiyo ni Roda Kalunde.

Alizaliwa Mwala, Ukambani, akaletwa Kajiado na mume aliyefanya kazi ya reli. Mume alihamishiwa Voi. Aliandika barua mbili, halafu hakuandika tena. Roda alibaki na binti mmoja, Ndulu, na kazi ya kupika katika shule ya bweni nje kidogo ya mji. Alipika maharagwe na ugali hapo kwa miaka tisa. Wanaomkumbuka wa wakati ule wanasema alikuwa mpole, mnene kiasi, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na kwamba hakuwahi kutumia kijiko kabla ya kukinusa.

Mwaka wa 1995 shirika moja dogo la kanisa, ambalo sasa halipo, lilianzisha semina za usafi wa chakula kwa wafanyakazi wa hoteli za barabara ya Namanga. Lilikuwa na walimu wenye vyeti, vitabu vilivyochapishwa vizuri na ukumbi wa kufundishia. Wanafunzi ndio hawakuwepo. Semina ya kwanza ilipata watu wanne, na wawili kati yao walidhani kunagawiwa mahindi ya msaada. Shirika likaanza kutafuta mtu wa kuzunguka jiko kwa jiko akiwaita wapishi, mtu ambaye jiko analijua kwa mikono yake. Roda akatajwa. Alihamia Kitengela na Ndulu, godoro moja na barua ya utambulisho ambayo hakuna mpishi aliyewahi kuisoma mpaka mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Kwetu, afisa wa afya ya umma huitwa Bwana Afya, hata akiwa mwanamke, na Bwana Afya akionekana barabarani habari humtangulia. Hoteli hufungwa kwa sababu ya msiba ambao haupo. Sufuria hufichwa kwa jirani. Mtu yeyote aliyebeba mkoba wa karatasi na kuuliza habari za usafi alikuwa Bwana Afya, na Roda alikuwa na mkoba. Siku za mwanzo alipokuwa akiingia kwa mlango wa mbele alikuta hoteli zimejaa wateja na hazina wafanyakazi.

Mutunga, mchoma nyama wa karibu na steji ya matatu, Roda alimkuta ameketi kwenye meza ya wateja. Aproni alikuwa ameivua na kuikalia. Kisu alisahau kukiweka chini.

"Mimi ni mteja tu, mama," Mutunga alisema.

"Umeagiza nini?"

"Bado nafikiria."

Roda akamwambia kwa Kikamba kwamba mteja anayekuja na kisu chake mwenyewe lazima awe na njaa mbaya. Mutunga alicheka mpaka akasimama, na aproni ikabaki kitini ikiwatazama wote wawili. Alikuja semina iliyofuata. Lakini tangu siku hiyo Roda aliacha mkoba nyumbani, na akaacha mlango wa mbele.

Alikuwa akipita nyuma, anabisha kidogo, anaomba kazi ya dakika chache. Anaosha vyombo. Anamenya viazi. Hazungumzi habari ya semina mpaka mikono yake iwe imelowa kama ya wenzake. Hapo ndipo anawaambia kwamba kuna siku mbili za kukaa kitini, kunywa chai iliyopikwa na mtu mwingine, na kusikiliza jinsi chakula kinavyoweza kuua mtu bila mpishi kukusudia. Wengi walikuja kwa ajili ya hiyo chai. Baadaye walikuja kwa sababu alikuwa amewaita yeye.

Tatizo lilikuwa kitabu. Kitabu cha shirika kilisema mpishi atumie "maji yaliyochemshwa kwa muda usiopungua dakika tano, yakahifadhiwa katika chombo kilichofunikwa." Ni Kiswahili kizuri, na anayekisoma akiwa ameketi mezani anakielewa. Lakini katika majiko yale kulisemwa Kisomali, Kimaasai, Kikamba, Kikuyu na Kiluhya, na Kiswahili kilikuwa cha kuombeana chumvi. Roda aliona nyuso zikifungika kila mwalimu alipofika kwenye sentensi ile. Kwa hiyo akaikata. Alipokuwa jikoni na wapishi, kabla ya semina na baada ya semina, aliwafundisha kwa maneno mawili: maji moto. Mikono, maji moto. Vyombo, maji moto. Ya kunywa, maji moto. Aliyasema kwa mwendo wa kutwanga, na wapishi waliyarudia wakitwanga kweli. Watoto wa sokoni waliyashika. Alipopita walimwita Mama Maji Moto, na yeye, mtu asiyependa kutazamwa, aligeuka na kupunga mkono.

Alikuwa na haki ya kufurahi. Kufikia mwaka wa 1997 ukumbi ulikuwa unajaa. Walimu wenye vyeti walianza kumwomba awe anafungua masomo yeye, kwa yale maneno mawili, maana yaliwaamsha watu.

Mwanafunzi aliyemgharimu muda mrefu kuliko wote aliitwa Asho. Asho alikuwa mjane kutoka Mandera, aliyefika Kitengela na kaka yake Kullow, mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa na hoteli ya chumba kimoja upande wa soko la mifugo, meza tano, pilau na mbuzi na chai ya maziwa yenye iliki. Wachungaji wanaoshusha ng'ombe kutoka Kajiado kwenda machinjioni Athi River walikuwa wakila kwake kwa sababu hakuwahesabia mchuzi. Asho alimwacha Roda aoshe vyombo vyake kwa miezi mitatu bila kukubali lolote. Semina ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, na hilo lilimkera.

"Nitoke hapa niende kanisani kufundishwa kunawa?" alimwambia. "Mimi nanawa mara tano kwa siku, mwalimu. Na wewe?"

Roda hakubishana. Alikwenda kuwasumbua wakubwa wake mpaka semina moja ikafanyiwa darasani, katika shule ya msingi, na Asho akaja, akakaa karibu na mlango, na Roda akakaa naye. Asho hakujua kusoma. Alichofanya ni kuyashika maneno kama yalivyotoka kinywani mwa Roda, moja baada ya lingine, na kuyaweka mahali ambapo hayangepotea. Cheti chake alikitundika juu, karibu na kalenda yenye picha ya Makka, na mteja akileta mzaha juu ya pilau alimwonyesha kwa kijiko. Hakuna aliyekuwa mwanafunzi mwaminifu kuliko yeye. Hilo ndilo lililokuwa gumu baadaye, kwamba hakukosea neno hata moja.

Mvua za mwisho wa mwaka ule hazikuwa mvua za kawaida. Zilianza Oktoba na Februari zilikuwa bado zinanyesha. Udongo mweusi wa Kitengela ukageuka uji. Vyoo vya shimo vilijaa vikafurika, na maji yake yakatembea uwanjani polepole, yakiwa na rangi ile ile ya maji mengine yote. Mikokoteni ya maji ikakwama njiani. Wenye mapipa waliteka walipopata: kwenye mitaro, kwenye mabwawa ya ng'ombe, chini ya mabati. Januari watu wakaanza kuharisha maji matupu, na neno kipindupindu likaanza kusemwa kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliyeko chumba cha pili.

Kisemei alikuwa mchungaji wa kukodiwa, wa makamo, mtu wa Kajiado. Alikula kwa Asho kila alipoleta ng'ombe. Alikuwa na meno mabovu, na baridi ilimuuma, kwa hiyo akiingia alisalimu "Sopa" kwa nyumba nzima na kuomba maji moto kabla hata ya kuketi. Siku ya Jumanne alikula, akanywa, akaondoka na wenzake. Jumatano jioni wenzake walimbeba. Alikufa Alhamisi asubuhi, kabla ya kufikishwa hospitali. Wengine sita waliokula kwa Asho wiki hiyo waliugua, na wakapona.

Bwana Afya alifika Ijumaa. Wakati huu alikuwa wa kweli, mwanamume mwembamba kutoka Kajiado, viatu vimejaa matope, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wiki hiyo alikuwa amefunga hoteli kumi na moja. Alichukua maji ya pipa la Asho kwenye chupa, akasema kama kosa litaonekana si la jikoni angemruhusu afungue baada ya siku saba, na kama ni la jikoni leseni ingefutwa. Watu walikuwa wamejaa uani. Walikuwa wakisema yale ambayo watu husema. Kwamba Wasomali ndivyo walivyo. Kwamba nani alimwambia mtu ale huko. Mwenye nyumba alikuwa pale pia, akisikiliza, amefunga mikono kifuani. Kullow alisimama kando ya dada yake.

Roda alikuja akiwa amelowa mpaka magotini. Alisukuma watu, na ile sauti yake ndogo ilisikika kwa sababu wengine walinyamaza wakitaka kujua Mama Maji Moto atasema nini.

"Bwana Afya, funga zingine, hii uache," alisema. "Huyu ndiye mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote. Kwake hakuna tone la maji linapewa mtu kama si maji moto."

"Basi anionyeshe," Bwana Afya akasema.

Asho hakuogopa. Aliingia jikoni, na waliokuwa karibu wakaingia naye mpaka mlangoni. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, inachemka vizuri, imefunikwa. Alifunua. Akachota kwa kikombe akajaza jagi nusu. Halafu akageuka, akafungua pipa la plastiki lililokuwa pembeni, akachota maji yaliyotoka mtaroni, akaijaza jagi ile nusu nyingine. Akaigusa kwa upande wa ndani wa mkono wake, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Akaridhika.

"Hii ndiyo maji moto ya kunywa," alisema. "Si baridi, si ya kuunguza mtu mdomo. Vile mwalimu alisema."

Yeyote aliyewahi kuketi katika hoteli zetu anaijua ile jagi. Mhudumu anauliza, baridi ama moto? Unasema moto, na analeta maji yanayonyweka, yenye joto la mkono. Hakuna anayeleta maji yanayochemka, nani angeyanywa? Ndivyo maji moto yalivyo hapa, tangu hoteli ya kwanza ijengwe kando ya reli. Wote pale mlangoni walijua hivyo. Roda pekee, aliyepika miaka tisa shuleni, ambako maji moto yalikuwa maji ya sufuria na hakuna mtu aliyeagiza kitu, hakuwahi kufikiri kwamba maneno yake mawili yalikuwa na mwenyewe kabla yake.

Bwana Afya alimgeukia. Alimuuliza kwa upole, maana walifahamiana.

"Roda, ulimfundisha hivi?"

 Alikuwa akiitazama jagi. Alikuwa anaweza kusema mambo mengi, na mengi yake yangekuwa kweli. Kitabu kilisema kuchemsha. Walimu walisema kuchemsha. Yeye mwenyewe alikuwa na maana ya kuchemsha.

"Hapana," alisema.

Asho alikuwa bado ameshika jagi. Hakukasirika, na hilo watu wengi hawakulielewa. Alimtazama Roda kama mtu anayetaka kufahamu somo lililompita.

"Sasa maji moto ni gani, mwalimu?"

 Roda alitoka hadi uani, akapita katikati ya watu, na hakuna aliyemzuia.

Matokeo ya maji yalirudi yakisema kile ambacho kila mtu alishajua. Leseni ikafutwa. Mwenye nyumba akataka nyumba yake. Kabla ya mwisho wa Machi Asho alikuwa amekwisha ondoka, na cheti, ikasemwa, alikiacha ukutani, na aliyepanga baada yake, muuza misumari na nyaya, alikitumia kuziba tundu la dirisha.

Roda alilala ndani siku nne. Ya tano alianza kuzunguka. Alikwenda kwa kila jiko alilowahi kuosha vyombo, mlango wa nyuma kwa mlango wa nyuma, na safari hii hakuomba kazi. Aliwaambia tu wamwonyeshe maji ya kunywa. Zaidi ya nusu walifanya kama Asho. Walifanya kwa furaha, wakimtazama usoni wapate sifa. Alipofika kwa Mutunga hakuweza hata kuuliza vizuri, na Mutunga akamsogezea jagi.

"Yako moto, mama. Weka kidole."

Alimweleza kwamba si hivyo. Kwamba maji yachemke yote, halafu yaachwe yapoe yenyewe, yakiwa yamefunikwa, bila kuongezwa kitu. Mutunga alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Hiyo ni mrefu, mama," alisema. "Wewe sema tu maji moto, sisi tunakuelewa."

Nadhani huo ndio ulikuwa mzigo wake kwa miaka iliyobaki, na sijui kama kuna mzigo wa namna hiyo kwa watu wa kazi nyingine. Seremala akikosea kiti anakivunja. Neno likishatoka likaingia kwenye mikono ya watu mia mbili, linafanya kazi huko bila wewe, asubuhi na jioni, na kila ukilifuata kulisahihisha unalikuta limeshika mizizi kwa jina lako. Alipokuwa akipita sokoni watoto waliendelea kumwita, Maji Moto, Mama Maji Moto. Alikuwa akigeuka njia nyingine.

Mwaka wa 1999 alisikia kwa wauza ng'ombe kwamba Asho yuko Kajiado, anauza vitambaa na shuka karibu na soko. Akapanda basi akaenda. Alimkuta chini ya turubai, amekonda, mikono yake safi na mikavu kwa namna ambayo mikono ya mpishi haiwi. Asho alimkaribisha kwa adabu zote. Alimuuliza habari za Ndulu, habari za mvua, habari za magoti yaliyokuwa yakimuuma. Alimpa kigoda. Kisha akamtuma jirani alete soda, na ilipoletwa aliiinua, akamwonyesha Roda kizibo, akakifungua mbele ya macho yake.

"Hii imefungwa kiwandani," alisema. "Mkono yangu haijagusa."

Roda aliishika ile soda na hakuinywa. Alisema aliyokwenda kusema. Kwamba neno lilikuwa lake, kwamba Asho hakukosea kitu, kwamba siku ile yeye mwenyewe aliogopa. Alisema amekwenda kwa Bwana Afya akamweleza, naye akamwambia faili limefungwa, yule mtu amekwisha kufa, kuna faida gani. Alisema anaomba msamaha.

Asho alikunja shuka moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ile hapana yako ilisikiwa na watu wote," alisema. "Kullow alisikia. Mwenye nyumba alisikia. Watu ya marehemu walisikia. Hapa Kajiado niko na watu hawanunui hata kitambaa kwangu, kwa sababu mimi ndio yule mama wa maji. Sasa ndiyo yako unaniletea hapa, mimi na wewe na soda?"

"Unataka nifanye nini, Mama Jeylani?" Roda aliuliza. Jeylani lilikuwa jina la mtoto wa kwanza wa Asho.

"Ulisema mbele ya watu. Sema mbele ya watu."

Ilimchukua Roda karibu miaka miwili. Si kwamba hakutaka. Watu wa kumsikiliza hawakukosekana, semina zilikuwepo, lakini kila alipopewa nafasi aliona nyuso za wapishi wapya, walioacha kazi zao na woga wao wakaja kwa sababu yeye aliwaambia waje, na alijua maneno yake yangewafanyia nini. Mtu aliyetoka kwa shida kuja kufundishwa usafi, unamwambiaje kwamba mafundisho hayo hayo yalimzika Kisemei?

Mwaka wa 2001 shirika lilikuwa linafunga kazi. Ukumbi ulipambwa. Walikuja wageni kutoka Nairobi, mchungaji, Bwana Afya mpya, na wapishi zaidi ya mia, wengi wakiwa wamevaa aproni nyeupe walizopewa siku hiyo. Roda alikuwa ashukuriwe kwa zawadi ya saa ya ukutani. Wiki mbili kabla alikuwa amewatuma wauza ng'ombe wampelekee Asho siku na saa. Asho hakuja. Kullow alikuja, akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia yake ikionekana juu ya vichwa vya waliokaa.

Roda alipopewa kipaza sauti alikishika mbali na mdomo, na ikabidi watu wainame mbele. Hakusema sana. Alisema mwaka wa mvua kubwa mtu aliyeitwa Kisemei alikufa kwa maji aliyopewa katika hoteli ya Asho. Alisema Asho aliyatengeneza vile alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye.

"Aliniuliza mbele ya watu kama ni mimi," alisema, akimaanisha yule Bwana Afya wa kwanza. "Nikasema hapana. Ilikuwa ndiyo."

Ukumbi haukujua la kufanya na jambo hilo. Mama mmoja katikati alimuuliza jirani yake, kwa sauti iliyosikika, kwani alimuua nani? Mtu mwingine akacheka kwa kuchanganyikiwa. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka. Wageni wakaandika kitu, kisha wakaacha kuandika. Saa ya ukutani alipewa baadaye, nje, ikiwa bado kwenye boksi.

Kullow alimngoja mlangoni.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Nimemaliza."

"Nitamwambia."

Aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Katika ripoti ya mwisho ya shirika jina la Roda halimo. Bwana Afya mpya alimlaumu waziwazi, na alikuwa na sababu: kwa muda mrefu baada ya siku ile, wapishi walioitwa kwenye mafunzo yoyote walijibu kwamba hata mwalimu wao mwenyewe alikiri wanafundisha makosa. Wengine walikuwa wakilisema huku wanachanganya jagi. Ukweli wake ulimsafisha mtu mmoja aliyekuwa Kajiado na kuwapa wengine wengi wa Kitengela kisingizio. Sijui kama alilipima hilo kabla ya kusema. Nadhani alilipima, na kwamba ndiyo maana ilimchukua miaka miwili.

Miezi mitatu baadaye muuza ng'ombe mmoja alimletea jibu. Alisema Asho amesikia. Roda akamuuliza kama kuna lingine. Muuza ng'ombe akafikiri kidogo, akasema hapana, aliambiwa tu aseme kwamba amesikia. Asho hakurudi Kitengela na hakufungua hoteli tena, Kajiado wala kwingine.

Roda aliendelea. Hakuwa na barua wala mshahara wala ukumbi. Alipata riziki kwa kuosha vyombo kwa Mutunga, na saa nne alivua aproni akazunguka, akibisha milango ya nyuma, akiwaeleza watu habari ya maji yaliyochemka yakapoa yenyewe. Wengine walimsikiliza. Wapo waliobadilika, nimekutana nao, na wanachemsha, na hawajui tena nani aliwaambia. Mji ulikuwa unakua upesi, viwanda vya Athi River vilikuwa vinamwaga wafanyakazi jioni kama nafaka, na kila mwezi kulikuwa na jiko jipya na mpishi mpya ambaye hakuwahi kumwona.

Mwaka wa 2006, katika hoteli mpya karibu na barabara kuu, msimamizi mmoja, msichana aliyeitwa Naliaka, mwerevu na mwenye haraka, alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamuuliza cheti chake kiko wapi. Hakumwuliza kwa ubaya. Sheria ilitaka kila anayeingia jikoni awe na cheti.  Roda alikuwa ameita watu zaidi ya mia nane kupokea vyeti, na yeye, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuita, hakuna aliyewahi kufikiri kumpa. Alimwambia Naliaka kwamba hana. Naliaka akamwomba radhi, akamwonyesha njia ya kutokea, ambayo ilikuwa ya mbele.

Hakuzunguka tena baada ya hapo. Magoti yalikuwa yamekwisha.

Roda Kalunde anaishi Kimuka, kwa binti yake Ndulu, ambaye mume wake anafanya kazi ya kuchonga mawe Kiserian. Ana miaka sitini na mmoja. Yeye jikoni haingii tena; kupika, anapika Ndulu.